Kozi ya Mita Tatu

Niliota usiku wa jana, na niseme mapema kwamba nililala nikiwa na mashaka. Wiki nzima baba alikuwa anatengeneza vitu. Jumatatu alifunga bomba la jikoni lililokuwa linavuja tangu Pasaka. Jumanne akapigilia misumari kiti cha mama. Jumatano akatunyoa nywele, mimi na mdogo wangu Namsifu, ingawa wala hazikuwa ndefu. Aliyekulia kota za jeshi ananielewa: askari akianza kutengeneza vitu nyumbani kwa pupa, ujue ana safari. Nikauliza. Mama akasema, "Safari gani tena, Nakiete? Mtoto una maneno wewe!" Baba akasema anatafuta bisibisi.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nimefundishwa na maisha. Nina miaka kumi na tatu, na nimeanza kujifunza kuogelea mara nne katika kambi nne, kwa sababu baba akihamishwa faili lake linahama naye, ila la kwangu la kuogelea halihami. Kila kambi mpya naanzia somo la kwanza, kushika ukingo na kupiga miguu. La pili ni kupuliza mapovu. La tatu ni kuelea huku umekumbatia kibao. La nne ni kuachia ukingo, na hilo sijawahi kulifikia. Hapa tulipo sasa napiga miguu katikati ya watoto wa chekechea, magoti yakikwaruza sakafu ya bwawa, na wao wananiita dada mkubwa.

Basi katika ndoto ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na maji ya bwawa yamejipanga mistari mitatu.

Koplo Tungaraza, anayetufundisha kuogelea, anayakagua. Anapita mbele yao taratibu, mikono nyuma, filimbi ikining'inia kifuani.

"Maji, mguu pande!"

Maji yanalegea.

"Mguu sawa!"

Yanakaza. Wimbi moja dogo la mstari wa nyuma linakohoa. Koplo anageuka na kuuliza ni nani huyo, na maji yote yanatazama mbele. Akatoa adhabu kwa mstari mzima, kuzunguka bwawa mara tatu. Kwa kuwa sheria ya bwawa inakataza kukimbia, yakazunguka kwa kuruka kichurachura.

Hilo halikunishangaza. Kilichonitia wasiwasi ni baba zetu. Walikuwa wamesimama kando ya bwawa, wote, wamevaa magwanda na mabuti yaliyopigwa rangi. Tangu lini akina baba wa kota wakaja kwenye masomo ya kuogelea? Wa kwangu hajawahi kuja hata siku moja. Nikamtazama, na yeye akatazama angani kana kwamba kuna ndege inapita. Haikuwepo.

"Kabla ya kuingia majini," Koplo akatangaza, "someni ubao."

Ubao wa sheria za bwawa naujua kwa moyo. Oga kwanza. Usikimbie. Usiachie ukingo kabla ya amri. Vitu vya thamani viachwe kwa mlinzi. Miaka yote nilidhani hiyo ya mwisho inahusu saa na hereni.

Mlinzi alikuwa kwenye dirisha la chumba cha kubadilishia nguo. Mbele yangu alisimama binti wa jirani yetu, Ndimbumi, amemshika baba yake kiganja. Mlinzi akampokea yule baba, akamgeuza nyuma na mbele, akamfunga kibati chenye namba mkononi, akamweka kwenye rafu. Baba yake Ndimbumi akakaa pale rafuni, magoti pamoja, kimya.

"Anayefuata. Cha kwako?"

"Mimi sina kitu cha thamani, afande," nikasema. "Saa yangu ni ya plastiki, na haitembei."

"Na huyo?"

Nikageuka. Baba alikuwa ameshafika nyuma yangu, ameshakunja mkono wa shati, ameshanyoosha mkono ufungwe kibati. Hakusukumwa na mtu. Niliumia, nasema kweli. Ningependa angalau avute miguu kidogo.

"Baba, hata hukatai?"

"Sheria ni sheria, mwanangu."

"Unakwenda wapi?"

"Rafuni tu hapo."

Mlinzi akamfunga kibati, akanipa cha kwangu chenye namba ileile, akafunga dirisha. Likafunguka papo hapo. Rafu zilikuwa tupu.

"Nakuja kuchukua kitu changu," nikasema.

"Vimehamishwa."

"Saa ngapi? Umefunga dirisha sasa hivi!"

"Vimehamishiwa kwenye kina. Huku juu vinaibwa."

"Nani kaviiba?"

"Hajaviiba mtu. Ndiyo maana vimehamishwa."

Akafunga dirisha, na safari hii halikuwa dirisha tena, ulikuwa ukuta wenye rangi ya kijani ya jeshi, na mimi nimeshika ukingo wa bwawa, maji shingoni. Kwenye kina kuna mita tatu. Mimi uwezo wangu ni magoti.

Kando yangu kulikuwa na kibao cha kuelea, kile cha zamani cha bluu, kimejaa alama za meno ya watoto wa miaka yote. Kikasogea karibu.

"Mimi sijasema kitu," kikasema.

"Sijakuuliza."

"Basi tuelewane hivyo. Ila wapo chini kule. Wote. Wako kozi."

Wasomaji wasiotoka kambini niwaeleze: kozi ni neno la nyumbani kwetu. Baba akiondoka siku tatu, yuko kozi. Akiondoka miezi tisa, kama alivyofanya nikiwa darasa la pili na Namsifu akazaliwa yeye hayupo, alikuwa kozi. Sijawahi kuona cheti hata kimoja. Nataka siku moja baba aniangalie usoni aniambie anakwenda wapi na anarudi lini, kabla hajaondoka na si baada. Hilo tu. Ndani ya ndoto nikajua kwamba nisipomfikia kabla kozi haijaisha, ataniaga kama siku zote, na asubuhi nitakuta mswaki wake haupo.

"Nitakwendaje huko na siruhusiwi kuachia ukingo?"

"Shika ukingo, nenda nao," kikasema kibao. "Mimi sijasema kitu."

Nikaanza kusogea, mkono baada ya mkono. Ukingo ulikuwa mrefu kuliko bwawa. Nilipopinda kona ya kwanza ulikuwa umekuwa ukingo wa sinki la jikoni kwetu. Mama amesimama nchi kavu anapiga pasi, na mimi nimening'inia kwenye sinki, natiririsha maji kwenye sakafu aliyoipiga deki.

"Shikamoo mama. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Kozi."

"Kozi ya nini?"

"Kozi ni kozi."

Nikaiuliza pasi. Pasi ikasema, "Kozi," ikatoa mvuke. Nikaliuliza bomba jipya lililofungwa Jumatatu. Bomba likakaza midomo, halikutoa hata tone. Nikamwangalia mama vizuri. Alikuwa anapiga pasi shati lilelile, upande uleule, na lilikuwa limeshanyooka zamani. Yeye pia alikuwa na kibati mkononi, chenye namba kama yangu. Nikaelewa kwamba na yeye alikwenda dirishani kuulizia, akafungiwa ukuta. Nikamhurumia, lakini sikumsamehe.

"Usimwage maji," akasema bila kuinua macho.

Kona ya pili, ukingo ukawa bodi ya nyuma ya lori la uhamisho. Lori linakwenda kwa kasi, limebeba kabati letu, magodoro, na kuku wa jirani ambaye sijui nani alimpakia. Nimeshika bodi, miguu inaelea nyuma hewani. Tunapita mabwawa yote ya kambi tulizokaa, moja baada ya jingine, na kwenye kila bwawa nipo mimi, mdogo, nimeshika ukingo napiga miguu. Wa kwanza ana miaka minne na nguo ya kuogelea ya njano. Ananipungia mkono mmoja.

"Usiachie!" nikamfokea.

"Wewe unakwenda wapi?" akauliza.

"Kumchukua baba."

"Si yuko kozi?"

Miaka minne, na ameshalishwa hilo neno. Nilisikia hasira mpaka masikio yakawaka.

Lori likafunga breki, na nilipofumbua macho bodi ilikuwa ukingo wa bwawa tena, umeandikwa Mita 3. Maji ya huku hayakupanga mstari. Yalikuwa meusi kidogo, na yalinyamaza kwa namna ambayo sikuipenda.

Juu ya nguzo ilikaa filimbi ya Koplo Tungaraza, peke yake, bila Koplo. Ilikuwa na nyota tatu za kapteni. Kibao kikanong'ona niipigie saluti. Nikapiga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika ukingo.

"Unataka nini huku?" ikauliza filimbi.

"Nimekuja kuchukua kitu cha thamani, afande. Hiki hapa kibati."

"Kuteremka kunahitaji somo la nne. Umefika somo la ngapi?"

"La kwanza, afande."

"Kwa mara ya ngapi?"

"Ya nne."

Filimbi ikafikiri. Ndani yake kile kipunje kilizunguka, nikakisikia.

"Somo la kwanza mara nne," ikasema, "ni somo la nne. Umefuzu. Subiri amri ya kuachia."

"Anaitoa nani?"

"Mwenye cheo, kuanzia sajini."

"Afande, wewe si kapteni?"

"Mimi ni filimbi," ikasema kwa huzuni. "Bila pumzi ya mtu siwezi hata kujiamrisha."

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na sajini. Masajini wote walikuwa chini. Kibao kikajikohoza, kikasema chenyewe hakijasema kitu, ila katika kota zetu mke wa sajini anaitwa mama sajini na kwenye foleni ya bomba anapishwa, na mtoto wa sajini hachapwi na mtoto wa koplo. Cheo kinakaa nyumba nzima. Sasa mwenyewe akiwa chini, cheo kinabaki wapi?

Kilibaki juu. Nilikiona kinaelea mbele yangu, zile V tatu za usajini za baba, zimebanduka kwenye shati, zinazunguka polepole juu ya maji. Nikazivuta kwa vidole vya mguu. Nikazibandika begani kwangu penye maji, zikashika.

"Kaimu sajini," filimbi ikasema, ikajinyoosha. "Toa amri."

Niwe mkweli, niliogopa. Kwa miaka tisa nimeambiwa nisiachie. Mkono wangu wa kulia haukujua jambo jingine. Nikauangalia, nao ukaniangalia, na ilibidi niupigie kelele kama wanavyopigiana kelele uwanjani.

"Nakiete! Achia!"

Ukaachia.

Nikashuka. Nilidhani nitapiga makelele lakini nilishuka kwa adabu, wima, kama mtu aliye kwenye lifti. Kibao hakikuweza kunifuata, kwa sababu kazi yake ni kuelea. Kilinifuata kwa macho.

Chini palikuwa na darasa. Madawati kumi au kumi na mawili, baba mmoja kila dawati, magwanda yakipepea majini. Mwalimu alikuwa ule wavu wa chuma wa kutolea maji, ule ambao Koplo anatukataza kuusogelea. Alikuwa mkali, sauti yake inavuta. Ubaoni pameandikwa kwa chaki kichwa cha somo: KUAGA WATOTO.

"Pamoja," akasema mwalimu.

"Baba anakwenda kozi," wakaitika wote. "Atarudi karibuni. Msaidieni mama."

"Tena. Bila kupepesa macho."

"Baba anakwenda kozi. Atarudi karibuni. Msaidieni mama."

Nilisimama mlangoni, ingawa mlango haukuwepo. Kwa hiyo kozi ilikuwepo kweli. Miaka yote nilikuwa nawashuku kwamba ni uongo, kumbe kozi ipo, na kinachofundishwa ndani yake ndiyo huo uongo wenyewe. Baba yake Ndimbumi alikuwa anaifanya vizuri sana, macho makavu. Baba yangu alikaa dawati la nyuma. Alikuwa anafuatisha kwa mdomo na kila akifika kwenye "karibuni" alikuwa anapepesa.

"Mbwambo!" mwalimu akamfokea baba. "Kozi ya tatu hii, na bado unapepesa!"

Nikaenda moja kwa moja mpaka dawati lake.

"Baba."

Akashtuka. Akatazama zile V tatu begani kwangu, akataka kusimama kwa heshima, akakumbuka ni mimi.

"Unakwenda wapi?"

"Kozi," akasema.

"Unarudi lini?"

"Karibuni."

"Karibuni ni lini?"

Mwalimu alikuwa anatusikiliza, maji yote ya darasa yakivutwa kuelekea kwake. Baba akafunga mdomo. Halafu, pole pole, akaanza kutoa mapovu.

Mwalimu hakujali. Kwake mapovu ni mapovu. Lakini mimi somo la pili nimelisoma katika kambi tatu. Nimepuliza mapovu ya Songea na ya Tabora, nimekaa saa nzima nayatazama ya wenzangu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Hakuna mtu jeshini anayeyasoma mapovu kunishinda. La kwanza lilipanda, kubwa, mwezi mmoja. Likafuata la pili. Nikahesabu. Sita, saba. Nikawa nasali yasimame hapo. Nane. Tisa. Pumzi yangu yenyewe ilikuwa inaniishia, kifua kinaniwaka. Kumi. Kumi na moja.

Yalikuwa kumi na mawili. Halafu yakafuata madogo madogo mengi, yamebanana, yakapanda kwa pamoja upande mmoja. Hayo yalisema ni mbali, kwenye nchi ya watu wengine, kulinda amani yao.

"Kaniambie juu," nikasema. "Nyumbani. Kwa mdomo wako."

"Juu siwezi," akasema baba. "Kila nikikuona nasahau yote, nakumbuka ya hapa."

"Jaribu."

"Na ukilia?"

"Nitalia. Sasa?"

Mwalimu akawa anapiga chuma chake, anauliza huyo mtoto kaingiaje na anafuata mtaala gani. Nikamshika baba mkono nimvute twende. Hakunyanyuka. Mabuti yake yalikuwa yamesajiliwa sakafuni, niliona namba. Macho yangu yakaanza kuona giza pembeni, na nikajua nisipopanda sasa sitapanda.

Baba akaniona. Akainama, akaweka kiganja chini ya unyayo wangu, kama anavyompandisha Namsifu kwenye ukuta wa jirani kuchuma mapera, na akanisukuma juu kwa nguvu zake zote.

"Piga miguu!" akapaza sauti. "Nakiete, piga miguu!"

Hilo nalijua. Nikapiga miguu ya miaka tisa.

Nikaamka.

Asubuhi imekwisha kuingia, mwanga upo dirishani, na mimi nahema. Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta ushahidi, kwa sababu sitaki kuonekana mjinga. Nywele zangu zilikuwa kavu, hata hivyo baba alishazimaliza Jumatano. Begani hapakuwa na V hata moja. Shuka lilikuwa limelowa, lakini ule ni mchango wa Namsifu na hauhesabiki. Nikanusa mikono. Sabuni ya kufulia. Ndoto basi, nikajiambia, na nikasikia kukata tamaa kuliko nilivyotegemea.

Nikatoka sebuleni. Baba amekaa mezani, fulana nyeupe, suruali ya gwanda, kikombe cha chai mbele yake hakijaguswa. Begi lake kubwa la kijani lipo karibu na mlango, limefungwa. Mama amesimama kwenye pazia la jikoni na kijiko mkononi, haendi mbele wala nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo ukae, Nakiete."

Nikakaa. Akazungusha kikombe. Akajikohoza. Nikaona macho yake yanajipanga, nikajua kinachokuja, ningeweza kumsaidia kukisema.

"Nakiete, baba anakwenda ko..."

Akasita. Akainamisha kichwa upande wa kulia, uso umekunjamana, kama mtu anayewashwa na kitu ndani. Akasimama. Akarukaruka kwa mguu mmoja pale pale sebuleni, sajini mzima, huku anajipiga kofi dogo juu ya sikio.

Maji yakatoka sikioni. Si mengi, kama kijiko cha chai. Yalimtiririka shingoni, yakaingia kwenye fulana, na harufu ya dawa ya bwawa ikafika mpaka nilipokaa.

Baba akagusa shingo, akavitazama vidole vyake. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikamtazama yeye, sikupepesa, na sikumsaidia kwa neno lolote. Mama akauliza nini hicho.

Baba akakaa tena taratibu.

"Miezi kumi na miwili," akasema. "Kuanzia Jumanne. Ni nje ya nchi, mbali, na simu zitakuwa za shida."

Nilikuwa nimeshajua. Nililia vilevile, na yeye hakuniambia ninyamaze.